Karantini ya Samaki wa Mapambo Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayojirudia kutoka kwa wafugaji wa samaki wa vioo Kigoma Mjini na Ujiji, wazamiaji wanaokamata samaki wa mawe (wanaoishi kwenye miamba ya ziwa) ili wauzwe wakiwa hai, na wachache waliothubutu kuleta samaki wa bahari huku bara. Sehemu kubwa inahusu samaki wa Ziwa Tanganyika kwa sababu ndio tulio nao. Samaki wa maji chumvi wana sehemu yao, kuanzia swali la 18. Namba zimewekwa ili jambo moja lisielezwe mara tatu.

## Ya kuanzia

1. Karantini ya samaki ni kitu gani?

Ni kumweka samaki mgeni kwenye chombo chake, chenye maji yake, filta yake na wavu wake, kwa wiki kadhaa kabla hajakutana na samaki wako wa zamani. Shabaha ya kwanza si kumtibu. Ni kumpa kimelea kilichojificha muda wa kujitokeza mahali ambapo hakiwezi kumfikia mwingine, na ambapo ukilazimika kuweka dawa hutaharibu filta yako kubwa wala kuua konokono na mimea.

2. Huyu samaki ametoka ziwani asubuhi hii hii, maji safi kabisa. Anaumwa nini mpaka nimtenge?

Hili ndilo swali linaloongoza Kigoma, na lina mantiki yake: anayenunua samaki Ulaya anajua amepita mikono mingi, lakini wako umemwona akitolewa majini. Hata hivyo karibu kila samaki wa porini ana vimelea. Kwenye matamvua ya samaki wa mawe wa Tanganyika wanaishi minyoo bapa wadogo wa jenasi Cichlidogyrus, na wataalamu wameshaeleza spishi nyingi sana za minyoo hao, nyingine zikiwa na samaki mmoja tu zinayemkubali. Chawa wa samaki nao wapo.

Ziwani vimelea hivyo havimwangushi kwa sababu ya nafasi. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470. Mtoto wa kimelea anayeanguliwa humo ana saa chache au siku chache za kumpata samaki, na wengi wao hawampati. Kwenye tanki la lita 200 kila mtoto anampata. Ongeza hofu ya kukamatwa, njaa ya safari na kugombana na wenyeji, kinga ya samaki inashuka, na minyoo watano wa jana wanakuwa mia mbili mwezi ujao. Kwa hiyo ziwa halijakuuzia mgonjwa. Wewe ndiye unayempeleka mahali ambapo mzigo wake mdogo unaweza kukua.

3. Akae karantini muda gani?

Samaki wa ziwa: wiki 4, zisizopungua. Samaki wa bahari: wiki 6. Muda huu unahesabiwa kutoka siku samaki wa mwisho alipoingia. Ukiongeza mwingine siku ya 20, wote wanaanza upya siku ya kwanza, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Ukitibu ugonjwa, hesabu tena angalau wiki 2 baada ya dalili ya mwisho.

4. Nikiweka dawa siku ya kwanza si inatosha?

Haitoshi. Hakuna dawa moja inayoua kila kimelea, na nyingi haziui mayai wala vifuko ambamo vimelea hujifunga. Samaki aliyechoka na safari pia anaumizwa na dawa ambayo wiki moja baadaye angeistahimili. Mwache ale kwanza. Dawa pekee ambayo mimi naona inafaa kutolewa hata bila dalili ni ile ya minyoo (swali la 16), na hata hiyo isianze kabla ya siku ya nne au ya tano.

5. Samaki hawa ndio wa kwanza kabisa, tanki langu ni tupu. Bado nihitaji karantini?

Hapo tanki lako ndilo karantini. Usilijaze mawe na mchanga mpaka wiki 4 ziishe, maana mchanga ukiingia vifuko vya vimelea huwezi kuutibu vizuri.

## Chombo na maji

6. Lazima liwe tanki la kioo?

Si lazima. Diaba kubwa la plastiki la lita 80 hadi 100 linatosha kwa samaki wadogo wanne au watano, na ni bei nafuu kuliko kioo. Tatizo la diaba ni kwamba unamwona samaki kwa juu tu, na dalili nyingi za mwanzo huonekana ubavuni. Tanki la kioo la lita 60 ukilipata kwa fundi wa madirisha ni afadhali kuliko diaba la lita 100. Frontosa wakubwa, samaki wa kina kirefu cha ziwa, wanahitaji zaidi ya hapo.

Ndani weka vipande vya bomba la plastiki la maji taka, kipande kwa kila samaki na kimoja cha ziada, ili wapate pa kujificha. Hakuna mchanga, hakuna mawe, hakuna mimea. Sakafu tupu inakuonyesha choo cha samaki kikoje, na choo kinasema mengi. Funika juu, kwa sababu samaki mgeni anaruka.

7. Nitumie maji ya ziwa, ya bomba au ya mvua?

Maji ya ziwa ni bora kwa samaki wa ziwa: ni magumu (yana madini mengi), yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya karibu 9, na huwezi kuyaiga kirahisi. Usiyachote mwaloni Kibirizi, penye mafuta ya injini na maji ya kuoshea dagaa. Chota mbali na makazi, kisha yahifadhi kwenye ndoo au simtanki lililofunikwa kwa siku 4 bila samaki yeyote. Vimelea vingi vinavyoogelea vikitafuta mwenyeji hufa ndani ya siku mbili hivi. Mapumziko hayo yanalinda na mikono yako pia (swali la 24).

Maji ya bomba yana klorini inayounguza matamvua. Yaache wazi na jiwe la hewa, lile la pampu, likitoa mapovu ndani kwa saa 24 hadi 48. Maji ya mvua ni laini mno kwa Tropheus, samaki wa mawe anayekula mwani, na wenzake, yaache kwa nyanya za bustanini.

8. Filta ipi, na kwa nini watu wanasema amonia ni hatari zaidi kwa samaki wa Tanganyika?

Filta ya sifongo inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha. Sifongo hiyo iwe imekaa wiki 4 hadi 6 kwenye tanki lenye afya ili bakteria wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wawe wameshaota humo. Ukinunua sifongo mpya leo na samaki leo, huna filta bado, una kipande cha godoro.

Kuhusu amonia, ubaya unategemea pH. Katika maji ya pH 7 na joto la nyuzi 26, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9, joto lile lile, ni zaidi ya theluthi moja. Kwa maneno mengine, kiasi cha uchafu ambacho sato wa bwawani angekivumilia kinaweza kumuua Tropheus usiku mmoja. Ndiyo maana kwenye karantini tunabadilisha robo ya maji kila siku kwa wiki ya kwanza, na chakula kinapunguzwa. Nikiulizwa kinachoua samaki wengi karantini, nitasema ni amonia kabla ya kutaja kimelea chochote.

9. Umeme ukikatika?

Nunua pampu ndogo ya betri. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu kila baada ya nusu saa. Usiwalishe mpaka umeme urudi. Ukiwa na samaki wachache kwenye maji mengi, giza la muda wa saa nne halikutishi.

10. Je, chumba kimoja kinafaa kwa tanki kubwa na karantini?

Kinafaa ukiweka umbali wa mita 3 na usielekeze feni kutoka karantini kwenda upande wa pili. Mapovu ya jiwe la hewa hurusha matone madogo mno, na kuna vimelea vya baharini vilivyothibitishwa kusafiri kwenye matone hayo. Wavu, mrija, ndoo na taulo viwe viwili viwili, na vya karantini vipakwe rangi ya kucha nyekundu visichanganywe. Lisha na safisha tanki la wazima kwanza, la karantini mwisho, halafu nawa mikono hadi kwenye viwiko. Wavu ukitumika, loweka kwenye maji yenye Jik, suuza, kisha uanike juani ukauke kabisa. Kukauka peke yake kunaua vimelea vingi.

## Siku za mwanzo

11. Namtoaje kwenye mfuko wa nailoni?

Inategemea amekaa humo muda gani. Akitoka Katonga au Bangwe, saa moja tu kwenye mfuko, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane, kisha mhamishe kwa wavu au kikombe. Maji ya mfuko usiyamimine kwenye tanki.

Akiwa amesafiri siku nzima, mambo hubadilika. Samaki akipumua ndani ya mfuko uliofungwa anatoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo inashusha pH. Amonia imejaa humo, lakini kwenye pH ya chini ubaya wake umelala. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inaamka. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuongeza maji kikombe kwa kikombe kwa saa nzima, mfuko ukiwa wazi, unamuua samaki ukidhani unambembeleza. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa. Ukishaufungua, mtoe ndani ya dakika chache.

12. Samaki hali chakula kabisa siku ya pili. Nianze dawa?

Hapana. Samaki wa porini hajawahi kuona chakula cha vidonge. Siku tatu bila kula ni kawaida kama anaogelea wima na anapumua taratibu. Punguza mwanga, funika pande tatu za kioo kwa gazeti, na jaribu kidogo tu jioni. Kilichobaki baada ya dakika 5 kitoe.

13. Frontosa wangu anaelea kichwa chini, tumbo limejaa. Ni minyoo?

Muulize aliyemvua alitoka kina gani. Frontosa hukaa chini sana, na akipandishwa haraka kutoka mita 30 au 40 hewa ya kibofu chake inatanuka, anavimba na kushindwa kuzama. Wazamiaji wazuri humpandisha kwa vituo, wakimwacha kwenye kizimba majini kwa muda kila hatua. Hiyo si dalili ya ugonjwa wa kuambukiza na dawa haitasaidia. Usijaribu kumtoboa kwa sindano kama hukufundishwa. Mwambie muuzaji, kataa mzigo, na mara nyingine nunua kwa asiye na haraka.

14. Nitazame nini kila siku?

Dakika tano asubuhi kabla ya kulisha, na dakika mbili usiku kwa tochi. Asubuhi hesabu pumzi: matamvua yote mawili yanafunguka sawa, au moja limefungwa? Anajikwaruza kwenye bomba? Mapezi yamekunjwa? Choo ni cheusi au kijani na kinakatika, au ni uzi mweupe mrefu unaoning'inia?

Usiku zima taa, washa tochi, na uishike ubavuni mwa kioo ili mwanga uteleze juu ya ngozi ya samaki badala ya kumwangazia usoni. Hapo utaona kila kilichoinuka: doa dogo kama punje ya chumvi, ute uliokolea kama ukungu mgongoni, chawa bapa anayetembea nyuma ya pezi. Mchana yote haya humezwa na rangi za samaki. Andika kwenye daftari, hata kama ni neno moja tu, "kala" au "hajala".

## Vimelea vya samaki wa ziwa na tiba zake

15. Tropheus mdogo mweusi ana madoa meupe mwili mzima! Nifanyeje?

Kwanza mtazame tena. Watoto wa Tropheus duboisi, samaki anayejulikana sana mwambao wa Kigoma, huzaliwa weusi wenye nukta nyeupe, na nukta hizo hupotea anapokua. Kama nukta zimekaa kwa mpangilio, ni bapa, na kesho ziko pale pale, ndiyo sura yake. Wapo waliomwagia dawa samaki mzima kabisa kwa ajili ya urembo wake.

Madoa ya ugonjwa huinuka juu ya ngozi, yako hata kwenye mapezi yanayopitisha mwanga, na yanaongezeka siku hadi siku. Kinachosababisha ni Ichthyophthirius multifiliis. Mzunguko wake ndio unaoamua tiba. Kimelea hunenepa chini ya ngozi ambapo dawa haikigusi. Kikishiba kinaanguka chini, kinajifunga kwenye kifuko, kinagawanyika na kutoa mamia ya watoto, na watoto hao lazima wampate samaki ndani ya siku mbili hivi. Ni hapo tu, wakiwa wanaogelea, dawa inapowaua. Kwa joto la nyuzi 25 mzunguko mzima ni chini ya wiki moja, kwa hiyo tiba ya siku mbili haina maana: madoa yatatoweka, utashangilia, na yatarudi maradufu. Endelea kwa siku 14. Dawa ya kuanza nayo ni chumvi, na kiasi chake kipo swali la 17. Vuta uchafu wa sakafuni kwa mrija kila siku, maana vifuko viko pale.

Wengine hupandisha joto hadi nyuzi 30 ili kuharakisha. Kwa samaki wa Tanganyika, waliozoea maji yenye oksijeni nyingi, siishauri zaidi ya nyuzi 28, na jiwe la hewa la pili liwemo.

16. Anapumua haraka, tamvua moja limefungwa, lakini ngozi ni safi. Vidonge vya kichocho vinafaa?

Pima amonia kwanza. Ikiwa safi, shuku minyoo wa matamvua, na ndiyo, prazikwanteli wanayopewa wanafunzi kwa kichocho ndiyo dawa yake. Nunua famasi. Vya shuleni ni vya watoto.

Kidonge cha miligramu 600 kinatosha lita 240 kwa kipimo cha miligramu 2.5 kwa lita. Saga kiwe unga laini, tikisa kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu, mimina hata kama ni maziwamaziwa kwa kuwa hakiyeyuki chote. Toa makaa ya filta kama yapo, ongeza hewa, acha saa 24 au zaidi, kisha badilisha nusu ya maji. Minyoo wengi wa matamvua hutaga mayai na dawa haiyaui, hivyo rudia baada ya siku 5 hadi 7. Wengi husahau mara ya pili, na hapo ndipo ugonjwa huanza upya.

Chawa wa samaki hawasubiri dawa: mtoe samaki kwenye taulo lililoloa, ng'oa kwa kibano. Uzi mweupe uliozama kwenye nyama, ambao ni Lernaea, nao ung'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, na kidonda kipakwe iodini. Chawa hugandisha mayai kwenye kuta na mabomba, basi sugua kila kitu na uendelee kuangalia kwa wiki 4.

17. Chumvi ya Uvinza inatibu? Kiasi gani?

Inasaidia, hasa kwa madoa meupe, na ndiyo dawa ninayoanza nayo kwa sababu ukikosea kidogo haiui. Tumia ya mawe isiyochanganywa na kitu cha kuifanya isigande. Pima kwa mizani ya jikoni, maana vijiko vinadanganya: gramu 3 kwa kila lita, ikigawanywa kwa mafungu matatu ndani ya saa 36. Tanki la lita 100 linachukua gramu 300. Ukibadilisha robo ya maji, rudisha chumvi ya robo hiyo tu.

Gogogo na samaki wengine wasio na magamba wape nusu ya kipimo na uwaangalie. Tumbo kuvimba kwa Tropheus hakutibiwi na chumvi. Hapo ni vijidudu vya utumbo vinavyopata nguvu samaki akiwa na hofu au akila vibaya. Ni samaki wa kukwangua mwani, ana utumbo mrefu, na Kigoma tuna tabia ya kumlisha dagaa wa kusaga kwa sababu wapo. Acha dagaa. Mpe vidonge vya mwani wa spirulina au mchicha uliochemshwa kidogo. Akitoa choo cheupe na kutema chakula, metronidazo iliyochanganywa na chakula ndiyo hutumika, lakini ianze angali anakula. Akishaacha kula na tumbo limejaa, mara nyingi umechelewa.

## Samaki wa bahari huku bara

18. Naweza kutengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya Uvinza?

Huwezi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, lakini ni mchanganyiko wa sodiamu, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine kwa uwiano maalumu. Chumvi ya chakula, iwe ya Uvinza au ya Bagamoyo, ni sodiamu kloraidi karibu yote. Lazima ununue chumvi maalumu ya akwariamu. Kuleta maji yenyewe kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, fanya hesabu ya mizigo kwanza.

19. Madoa meupe ya samaki wa bahari ni ugonjwa ule ule wa swali la 15?

Yanafanana, kimelea ni kingine: Cryptocaryon irritans. Hakiishi kwenye maji baridi, na kile cha ziwani hakiishi baharini, kwa hiyo hayaambukizani. Tofauti inayokuumiza ni muda. Kifuko cha ziwani hupasuka ndani ya siku chache, lakini cha baharini kinaweza kuchukua siku 3 au wiki 4, na kimewahi kuonekana kilichochukua siku 72. Ndiyo sababu ya wiki 6 za swali la 3.

Njia tatu zinafanya kazi. Ya kwanza ni shaba, 0.15 hadi 0.20 miligramu kwa lita ya shaba huru, ikishikiliwa hapo kwa siku 30 na kupimwa kila siku kwa kifaa cha kupimia. Ikishuka, kimelea kinapona. Ikipanda, samaki anakufa. Mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya, na konokono, kamba na matumbawe hufa. Dawa za shaba iliyofungwa (iliyounganishwa na kemikali nyingine) zina kipimo chake kikubwa zaidi, soma chupa.

Ya pili ni kushusha chumvi hadi gramu 15 kwa lita kwa wiki 3 au 4, kidogo kidogo. Ya tatu inawafaa watu wa madiaba: mhamishe samaki kwenda chombo kingine kilichokaushwa kisha kikatiwa maji mapya kila siku ya tatu, mara nne. Kimelea kinaanguka, kinajifunga sakafuni, na samaki ameshaondoka kabla watoto hawajatoka. Haina dawa yoyote, ila inakula chumvi ya akwariamu ambayo huku ni ghali.

20. Samaki amekuwa kama amenyunyiziwa vumbi la dhahabu, na anahema.

Hicho ni kimelea kiitwacho Amyloodinium, na huna wiki, una siku. Hukaa matamvuani kwanza, kwa hiyo samaki anaweza kufa kabla hujaona vumbi. Kushusha chumvi hakusaidii, kinastahimili chumvi kidogo sana. Kuhamahama kwa swali la 19 hakutoshi. Tumia shaba, leo.

21. Ugonjwa umeshaingia tanki kubwa. Nifanyeje?

Watoe samaki wote, wote kabisa, hata anayeonekana mzima, uwatibu karantini. Tanki libaki bila samaki wiki 6 kwa uchache. Wanaotaka uhakika husubiri siku 76. Kamba na matumbawe wabaki humo, hawabebi ugonjwa huu mwilini. Mara hii ndipo mtu anapoona diaba la swali la 6 lilikuwa bei rahisi.

## Mambo ya pembeni

22. Nitenge Tropheus mmoja peke yake?

Tropheus ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake anajikunja na kugoma kula, na wakiwa wawili mmoja anauawa. Tenga kundi zima, kumi na kuendelea kama umenunua hivyo, kwenye chombo kikubwa. Ukibaki na mmoja wa ziada, bora muuzaji akae naye mpaka upate wenzake.

23. Jike ametema watoto karantini, na mmoja ana ndevu. Amezaa na nani?

Hakuzaa na mtu. Gogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, hutupia mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaolelea mdomoni. Jike anayakusanya yote. Mtoto wa gogogo anaanguliwa mapema na kuwala wenzake humo humo mdomoni. Ni kimelea cha malezi, hakiambukizi, na watu wa nje humlipia vizuri. Ila jike mwenye watoto mdomoni hali sawasawa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usimhesabu kuwa mgonjwa, na usimpe dawa mpaka ateme.

24. Naweza kupata kichocho au ugonjwa mwingine kutoka kwenye tanki?

Samaki hawabebi kichocho cha watu. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba, na mwambao wetu una kichocho. Usilete konokono wala magugu kutoka kando ya makazi, na tumia maji yaliyopumzika (swali la 7). Ugonjwa wa kweli wa mtu wa vioo ni bakteria Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye mkwaruzo wa mkono na kuacha uvimbe usiopona kwa wiki nyingi. Ukiwa na kidonda, vaa glovu. Ukienda hospitali, mwambie daktari unafuga samaki, asipojua hatalifikiria.

25. Amepona, lakini simtaki tena. Nimrudishe ziwani?

Usimrudishe, hata kama ulimtoa hapo hapo. Amekaa na samaki wa sehemu nyingine na vimelea vyao. Tropheus wa ghuba moja si wa ghuba nyingine, na ukimwachia pasipo pake unachanganya rangi zilizochukua maelfu ya miaka kutengana. Mpe mfugaji mwingine. Na usimle aliyekunywa dawa. Kama unakamata kwa kuuza nje, leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakuhusu: anza na afisa uvuvi wa halmashauri.

26. Amekufa karantini. Sasa?

Mtoe mara moja na umtazame ndani ya saa moja, kabla matamvua hayajabadilika yenyewe. Inua kifuniko cha tamvua: mekundu ni mazuri, yaliyopauka au yenye ute mzito ni ya minyoo au amonia. Piga picha ya karibu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wana kituo hapa Kigoma, na picha nzuri yenye kipimo cha maji cha siku hiyo inakupa pa kuanzia ukienda kuuliza. Mzike, usimtupe ziwani wala usimpe paka. Waliobaki badilishia nusu ya maji, pima amonia, na hesabu ya wiki 4 inaanza tena kesho.